Nichague safari na wenzangu au ada ya mdogo wangu?

Shikamoo Anti,

Mimi ni binti wa miaka 22, mwenyeji wa Lindi, niko mwaka wa tatu chuo kikuu. Tangu Oktoba niko Ujerumani kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi. Mji sitautaja, uko jimbo la Saxony, kama saa moja kwa treni kutoka Leipzig. Watanzania huku ni wachache na tunajuana, kwa hiyo naomba unisitiri.

Nalipwa ruzuku ya euro 900 kwa mwezi kwa miezi mitano, hadi 28 Februari. Asilimia 80 waliniwekea mapema kwenye akaunti, asilimia 20 wanasema nitapata nikishamaliza na kuwasilisha ripoti. Kodi ya chumba ni euro 265, bima ya afya 140, chakula najibana kisizidi 40 kwa wiki. Nilipoingia nililipa na Kaution ya euro 300, ambayo ni dhamana ya chumba. Nina chumba changu, jiko na bafu tunachangia watu watatu. Mchana nakula kantini ya chuo, jioni napika. Ugali wangu ni wa unga wa njano wa supamaketi, maana ule mweupe wa duka la Waafrika bei yake inauma. Rafu yangu kwenye friji ina jina langu kwenye gundi ya karatasi, na wiki nzima utakuta hapo maharage, kabichi na mayai basi. Chupa za plastiki situpi, nazirudisha kwenye mashine ya supamaketi napata senti 25 kwa kila moja.

Nasema haya ili ujue siishi kifahari. Ila picha ninazoweka status ni za theluji, masoko ya Krismasi na vituo vikubwa vya treni. Za kabichi siweki.

Sasa Anti, mdogo wangu wa kiume amepata nafasi kwenye chuo cha afya cha binafsi, udahili wa Machi. Ada ni shilingi 1,600,000 kwa mwaka na nusu yake inatakiwa kabla ya kuanza. Mama ana genge, na bado anafanya marejesho ya kikoba kwa mkopo wa laki sita aliochukua kwa ajili yangu: pasipoti, nauli za kwenda Dar kwenye usaili wa viza, makoti ya baridi. Yeye hajaniomba kitu. Aliyenitumia ujumbe wa sauti ni baba mdogo, ambaye ana mikorosho, na aliuweka kwenye grupu la ukoo ambapo watu wote wamo: "Mtu aliyeko Ulaya hashindwi laki nane." Mama alisikia na hakusema chochote. Tangu hapo tukipigiana simu tunazungumzia mvua.

Upande wa pili, nina rafiki zangu wawili wa hapa hosteli, mmoja Mhispania na mwingine Mgeorgia. Mtihani wangu wa mwisho ni 10 Februari, ndege yangu ya kurudi ni 26 Februari kutoka Berlin. Wamepanga tuondoke tarehe 12 kwa siku kumi: Praha, Vienna, Paris, tumalizie London siku mbili. Wamepiga hesabu ya euro 480 kwa kila mtu, na inabidi nitoe 160 za malazi kabla ya 25 Januari, hazirudishwi. Hawa ndio walionishika mkono Novemba nilipokuwa nalia chumbani kwa upweke. Na mimi sijui kama nitakanyaga tena Ulaya maishani mwangu. Nina kazi ya maandishi ya somo moja ambayo mwisho wake ni 15 Machi, lakini hiyo nitaandika popote.

Kwenye akaunti nina euro 1,240. Laki nane ni kama euro 280. Nikilipa safari sioni pa kutoa ada, nikituma ada sioni pa kutoa safari. Kuna Mtanzania mwenyeji wa huku ameniambia mgahawa wa rafiki yake unatafuta mtu wa kuosha vyombo wikiendi, euro 9 kwa saa, mkononi, bila mkataba. Ningefanya hiyo ningepata vyote viwili, ila moyo unasita.

Je, nikate safari nitume ada? Niende na nimwambie mama sina? Au niingie kwenye kibarua hicho?

Binti wa Kusini


ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole na baridi, na pole zaidi na zile simu za kuzungumzia mvua.

Nikikusoma vizuri, unaona milango miwili. Mmoja una mdogo wako na mama aliyekukopea, mwingine una rafiki waliokufaa siku mbaya na nafasi ambayo huenda isirudi. Unaamini pesa uliyonayo inafungua mmoja tu, na swali ni upi. Nitakuja kwa mama na kwa rafiki zako. Lakini naomba tuanze na hizo euro 1,240, kwa sababu barua yako yote imezichukulia kama pesa iliyo huru, nami sioni kama iko huru.

Toa mkataba wako wa chumba uangalie tarehe ya mwisho. Muhula wa baridi kwenye vyuo vikuu vingi vya Ujerumani, kwa makaratasi, unaanza 1 Oktoba na kuisha 31 Machi, hata kama vipindi vinaisha mwanzoni mwa Februari. Mikataba mingi ya hosteli za wanafunzi inafuata tarehe hizo. Wewe unapanda ndege tarehe 26 Februari, chumba kinaweza kuendelea kukudai hadi mwisho wa Machi. Basi weka pembeni kodi mbili: euro 530. Bima nayo haijui kuwa umesafiri. Usipowapelekea uthibitisho kwamba umefuta usajili chuoni au umehama nchi, wataendelea kudai hadi muhula uishe. Februari na Machi ni 280. Chakula kuanzia sasa mpaka siku ya ndege, kwa kipimo chako cha 40 kwa wiki, ni kama 240. Simu tuseme 20. Halafu kuna ile ada ya redio na televisheni, ambayo kila nyumba inalipa hata kama hamna kifaa chochote: euro 18.36 kwa mwezi, kwa miezi sita 110.16, mkigawana watatu ni kama 37 kila mmoja. Kama barua yake hamjaiona, usidhani wamewasahau. Inadaiwa tangu mlipohamia, na mara nyingi inamwangukia mmoja wenu ambaye ndiye atakayewadai wengine.

Jumlisha: 1,107. Ukitoa kwenye 1,240 unabaki na euro 133, na hapo sijaweka dawa ya mafua wala faini ya kukutwa kwenye treni isiyo ya tiketi yako, ambayo ni euro 60.

Kwa hiyo mwanangu, kwa leo hii, 133 haifiki 280 na haifiki 480. Huenda hili likakuumiza, lakini kwa upande mwingine linakutua mzigo: hujamnyima mdogo wako kwa ajili ya Paris, kwa sababu pesa unayodhani unaigawa bado haijafika mkononi. Ipo, lakini iko mbele. Kuna asilimia 20 ya ruzuku, yaani euro 900, na kuna Kaution ya 300. Zote mbili zina masharti yake.

Hii 900 isome kwa makini sana. Ruzuku za namna hii kwa kawaida huhesabiwa kwa siku, mwezi ukichukuliwa kuwa siku 30, kwa hiyo kila siku yako moja ina thamani ya euro 30. Kinachohesabiwa ni tarehe zilizo kwenye cheti cha ukaaji ambacho chuo cha huko kitakusainia, na mipango mingi inataka tarehe ya mwisho iwe siku ya mwisho ambayo masomo yalikulazimu kuwepo. Mtihani wako wa mwisho ni tarehe 10. Wakiandika 10 Februari badala ya 28, ni siku 18 zimekatwa, euro 540. Hapo 900 yako inabaki 360. Safari yenyewe imeangukia ndani ya siku hizo hizo. Sisemi watakukata. Una kazi ya maandishi bado, na mratibu wa programu yenu anaweza kukubali kuwa unahitaji maktaba hadi mwisho wa mwezi. Muulize kwa barua pepe kabla hujalipa zile 160, tena umuulize wazi, usimtungie maelezo. Jibu lake lina uzito kuliko hesabu zote nilizokuandikia, na ukilipata kwa maandishi halitabadilika akienda likizo.

Kaution inarudi baada ya wewe kuondoka, wiki kadhaa au hata miezi, baada ya ukaguzi wa chumba. Wanachokata zaidi ni usafi wa oveni na bafu, funguo zilizopotea, na ukungu ukutani. Ukungu unatokana na mvuke wa kupika na nguo mnazoanika ndani, unagota kwenye kona baridi ya dirisha na kuota hapo. Dawa yake ni kufungua dirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi, asubuhi na jioni, hita ikiwa imezimwa, badala ya kuliacha nusu wazi kutwa. Na usifunge akaunti ya benki siku unayoondoka. Wanafunzi wengi hufanya hivyo kwa kutaka kuondoka safi, kisha dhamana na ile asilimia 20 zinakosa pa kuingia.

Kuna sehemu mbili za kupunguza deni la Machi. Ofisi ya hosteli inaweza kukuruhusu uache chumba mapema ukimpata mwanafunzi wa kukirithi. Waandikie sasa, maana wanaotafuta chumba cha muhula wa Aprili ni wengi. Hilo likikubaliwa, 265 zinarudi kwenye hesabu yako. Ya pili ni kufuta usajili chuoni mwisho wa Februari ili bima ya Machi isimame, 140 hizo. Lakini tazama kinachoondoka nayo: barua pepe ya chuo, maktaba ya mtandaoni na tiketi ya treni ya wanafunzi kama unaipata kupitia chuo. Umesema kazi ya maandishi utaandika popote. Utaandika, lakini makala za kunukuu utazipakua kwa nywila ipi ukiwa Lindi tarehe 5 Machi? Kama utafuta usajili, pakua kila unachohitaji kwanza. Kama huwezi, hizo 140 ni bei ya kutodaka sapu, na wewe ndiye utakayepima.

Sasa tuje nyumbani.

Umeandika kwamba mama hajakuomba kitu, halafu umeendelea na barua kana kwamba ameomba. Aliyeomba ni baba mdogo, tena mbele za watu, na kwa namna ya kukufunga mdomo. Kimya cha mama umekisoma kama madai. Kinaweza kuwa hivyo. Kinaweza pia kuwa aibu ya kuona mwanawe anadaiwa hadharani, au woga kwamba ukijibu vibaya utaonekana umebadilika. Hujui, kwa sababu hujamuuliza, na yeye hajui unakula kabichi, kwa sababu hujamwambia. Familia inahesabu kwa picha za theluji. Ungekuwa wao, ungehesabu kwa kitu gani kingine?

Sikushauri uingie kwenye grupu ukaweke bajeti yako hapo. Hapo ni barazani, na baba mdogo atatetea heshima yake. Mpigie mama peke yake, muda ambao genge limetulia, umsomee namba: naingiza hiki, kodi hii, bima hii, chumba kinanidai Machi, nimebakiwa na hiki, na kuna kingine kitaingia nikisharudi. Bima ya afya ya kama laki nne kila mwezi ni kitu ambacho mtu wa nyumbani hawezi kukikisia. Hatari ya mazungumzo hayo ipo: mama anaweza kukwambia "basi usitume" huku moyo wake unataka, au anaweza kukulilia. Na ukimpa matumaini ya ile 900, atayahesabu kama pesa. Mwambie ni ahadi ya watu wengine, si yako.

Kuhusu ada yenyewe, jiulize ni nani aliyeamua kwamba laki nane zote zinatoka kwako. Mdogo wako ana baba mdogo mwenye mikorosho, na minada ya korosho ndiyo imetoka kupita. Sijui mfuko wake, na korosho ina madeni yake ya pembejeo, lakini swali "baba unaanza na ngapi nami niongeze?" halina utovu wa adabu ndani yake likiulizwa kwa upole na nje ya grupu. Pia mdogo wako mwenyewe aende kwa mhasibu wa chuo aombe kulipa kwa awamu ndogo zaidi, na apewe kwa maandishi. Vyuo vingi vya binafsi vinakubali kiasi cha kuanzia na salio katikati ya muhula, kuliko kupoteza mwanafunzi. Halafu kuna Bodi ya Mikopo: tangu mwaka wa masomo 2023/24 inakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani kadhaa za kipaumbele, za afya zikiwemo. Dirisha la maombi lina tarehe zake na si kila kozi inaingia, kwa hiyo aangalie mwongozo wa mwaka husika kwanza.

Ukiamua kutuma chochote, kikubwa au kidogo, linganisha kampuni za kutuma kwa kuangalia shilingi ngapi zinafika. Ada ya kutuma inaweza kuwa sifuri huku kiwango cha kubadilisha kikikula kimyakimya. Na kama ni ada ya chuo, iende kwenye akaunti ya chuo kwa jina la mwanafunzi. Ikipitia kwenye simu ya mtu, kuna makato ya kutoa, na kuna msiba, na kuna mgonjwa. Si wizi, ndivyo pesa inavyoishi kwenye nyumba zetu.

Safari. Sitaki uione kama dhambi. Uliyeenda kusoma ugenini una haki ya kuuona ugeni, na rafiki waliokushika Novemba si watu wa kuwapuuza. Ila hesabu ya 480 imepangwa na mtu mwenye pasipoti ya Hispania na mtu wa Georgia, nchi ambayo raia wake wanaingia nchi za Schengen (zile za Ulaya zenye viza ya pamoja) kwa matembezi mafupi bila viza. Makaratasi yako si yao.

Fungua pasipoti kwenye ile stika ya viza. Tafuta herufi D, yaani viza ya kukaa muda mrefu, kisha tarehe ya mwisho, kisha idadi ya kuingia. Ikiandikwa MULT unaweza kutoka na kuingia zaidi ya mara moja. Viza ya D inakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya siku 180, kwa hiyo Praha, Vienna na Paris hazina tatizo. London ni jambo jingine kabisa: Uingereza haimo Schengen, Mtanzania anahitaji viza yao, ya matembezi ilikuwa pauni 127 mwaka 2025, inaombwa mapema na pasipoti yako inaweza kuwa mikononi mwao siku unayoihitaji. Kwa hiyo kwako ile safari haiwezi kuwa ya 480. Ni pungufu bila London, au ni zaidi sana nayo. Na angalia tarehe ya mwisho ya viza kwa jicho la pili: kama ni 28 Februari, siku hiyo unatakiwa uwe umetoka Schengen nzima, sio Ujerumani tu. Ndege ikiahirishwa una siku mbili za kujitetea, si zaidi.

Njiani beba pasipoti yenyewe. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na mabasi ya usiku husimamishwa. Kitambulisho cha chuo au picha ya viza kwenye simu havitoshi. Nyuma ya kadi yako ya bima, kama ni ya mfuko wa umma, pana kadi ya Ulaya inayokuwezesha kutibiwa Praha au Paris kwa dharura. Kama bima yako ni ya kampuni binafsi, soma kama inavuka mpaka.

Swali ninalotaka uwaulize rafiki zako ni hili: lazima mwende wote siku zote kumi? Unaweza kujiunga nao kwa Praha tu. Kama tiketi yako ya chuo ni ile ya treni za mikoa nchi nzima, inakufikisha Dresden, kisha treni ya S-Bahn kando ya mto Elbe hadi Bad Schandau, bila kuongeza senti. Toka hapo kuna treni ndogo ya kuvuka mpaka hadi Děčín, unalipia kipande cha upande wa Cheki tu, na Praha ni kama saa moja na nusu mbele. Usipande treni ya kimataifa ya moja kwa moja kwa tiketi hiyo, haihusiki. Ukilala siku mbili kwenye chumba cha vitanda vingi na kubeba chakula chako cha njiani, unaweza kurudi chini ya euro 120. Na hiyo bado ni karibu yote uliyobakiza, lazima niseme.

Kuna na za bure kabisa kwa tiketi hiyo hiyo. Görlitz unavuka daraja la miguu juu ya mto Neisse unajikuta Zgorzelec, Poland. Tena mtu wa Lindi akae Saxony miezi mitano aondoke hajamwona mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, kule makumbusho ya Berlin, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, aliyechimbwa kwenu kati ya 1909 na 1913 na kubebwa vichwani hadi bandari ya Lindi? Hapo ni kiingilio cha mwanafunzi tu, na treni za mikoa zinakufikisha asubuhi ukarudi jioni. Nawaza hata rafiki zako wangependa wewe uwe mwenyeji wao siku hiyo.

Ubaya wa kubaki nyuma upo. Watarudi na vichekesho ambavyo humo, na wiki hiyo hosteli itakuwa tupu, nawe umeniambia Novemba ilikufanya nini. Usiipe thamani ya sifuri.

Kibarua sitakaa nacho sana. Mwanafunzi wa kigeni Ujerumani anaruhusiwa kisheria kufanya kazi siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka, maelezo utayaona kwenye viza yako. Kima cha chini tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Kwa kima hicho, euro 280 ni kama saa 20 za kazi. Kwa zile 9 za mkononi ni saa 31, wikiendi zile zile za kujiandaa na mitihani. Bila mkataba, ukiungua na mafuta ya jikoni mwenye mgahawa hakujui, asipokulipa huna pa kushtaki, na maofisa wa forodha wanaokagua kazi zisizoandikishwa huingia migahawani bila taarifa. Anayebaki na doa kwenye faili la viza ni wewe. Kazi halali ipo, jikoni chuoni, maktaba, ghala la vifurushi, ila kupata mkataba na namba ya kodi na mshahara wa kwanza kabla ya tarehe 26 Februari ni muda mfupi. Moyo wako uliposita ulikuwa na sababu.

Kwa hiyo naona njia zaidi ya mbili ulizokuja nazo. Kutuma kidogo sasa na kuahidi nyongeza 900 itakapoingia, ukijua ahadi hiyo inaweza kukatwa. Kwenda Praha tu na kutotuma kitu hadi Machi, ukijua baba mdogo ataona picha. Kutofanya lolote hadi ofisi zikujibu, ukijua 25 Januari itapita na rafiki zako watapanga bila wewe. Au kutuma na kutosafiri, na hapo nakuomba ujichunguze kama utafanya kwa mapenzi au kwa hofu ya grupu, maana pesa ya hofu huwa inaombwa tena mwezi unaofuata. Hakuna kati ya hizo ninayoweza kukuchagulia. Mimi simjui mama yako, wewe unamjua.

Wiki hii tuma barua pepe mbili, moja kwa mratibu kuhusu tarehe ya cheti, nyingine kwa ofisi ya hosteli kuhusu Machi, na umpigie mama. Waambie rafiki zako leo kwamba London kwako haiwezekani, ili wasikuhesabu kwenye malazi ya huko. Majibu yakishatoka andika upya ile hesabu, na kama itakuchanganya, nitumie namba hizo mpya tuzipitie.

Anti